Kamba, Maharagi na Mabeseni Mawili: Michezo Inayowafundisha Watoto Kuitunza Nyumba ya Mungu



Mtoto akirudi nyumbani kutoka masomo, mzazi humwuliza: «Leo mmejifunza nini?» Mtoto akijibu: «Leo tumecheza,» mzazi hukunja uso. Huwaza moyoni: Je, nimenunua madaftari na kalamu ili mtoto wangu akacheze? Michezo si iko nyumbani, bila gharama yo yote?

Hatumcheki mzazi huyo. Sisi wenyewe tulifikiri hivyo kwa miaka mingi. Katika seminari tulizoezwa kukaa wima, kunyamaza, kusikiliza na kurudia maneno ya mwalimu mpaka yakae kichwani. Hatuwalaumu waliotulea hivyo, maana walitupa mema mengi. Lakini tulipoanza kufundisha watoto wadogo, tuliona kwamba yako mambo ambayo mtoto anaweza kuyakariri bila kosa hata moja, na bado hajayajua. Mojawapo ni hili: jinsi viumbe vyote vinavyotegemeana.

Elimu ya jambo hilo inaitwa ekolojia. Jina hilo lilitungwa mwaka 1866 na mtaalamu Mjerumani, Ernst Haeckel, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyumba. Basi ekolojia ni elimu ya nyumba: nani anakaa ndani yake, nani anamlisha nani, na nani akiondoka nani ataumia. Karibu miaka 150 baadaye, tarehe 24 Mei 2015, Marehemu Papa Fransisko alitia sahihi barua yake «Laudato Si'», na ndani yake akaiita dunia nyumba yetu sote. Mtaalamu na Papa wamekutana katika neno moja. Na kabla yao wote, Kitabu cha Mwanzo kilikwisha kutueleza ya kuwa Mungu alimweka mtu katika bustani apate kuilima na kuitunza. Anayelima bila kutunza ameshika nusu tu ya amri.

HILI SI SOMO LA KUPITISHA WAKATI

Asidhani mtu kwamba haya ni maneno ya watu wenye nafasi. Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ya Kalehe, upande wa magharibi wa Ziwa Kivu. Mito ikafurika, ikashuka na matope na mawe juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Jamaa nzima zilitoweka, baba, mama na watoto, hata hapakubaki mtu wa kuwalilia.

Mvua hatuwezi kuizuia, wala mteremko wa milima hatukuufanya sisi. Lakini mlima uliovuliwa miti yake hauna kitu cha kushika maji. Maji yasiposhikwa hayashuki peke yake: huchukua udongo, udongo huchukua mawe, na mawe huchukua nyumba. Mtoto anayekaa chini ya mlima kama ule lazima alijue jambo hilo mapema kuliko jina la mto mrefu wa nchi ya mbali.

Je, atalijuaje? Vitabu ni haba. Tangu mwaka 2019, masomo ya msingi ya serikali yalipofanywa kuwa ya bure katika Kongo yetu, pamoja na yale yanayosimamiwa na Kanisa, madarasa mengi yamejaa. Watoto 60 au zaidi hubanana mbele ya ubao mmoja. Tungependa kuwapeleka msituni wakaone kwa macho, lakini mahali pengi njia ya msitu haina usalama, na hakuna mwalimu anayethubutu kuwaongoza watoto wa watu huko. Imebaki kuuleta msitu na ziwa ndani ya darasa. Vitu vinavyohitajiwa ni kamba, maharagi, mabeseni mawili na watoto wenyewe.

MCHEZO WA KWANZA: KAMBA

Tunasokota kamba ndefu kwa maganda ya mgomba. Tunaandika majina juu ya vipande vya karatasi: jua, maji, mwani, kidudu cha maji, sambaza, ndege mdiria, fisi-maji, mvuvi, mama muuza samaki. Kila mtoto anavaa jina moja kifuani. Watoto wanasimama katika duara; wasiopata jina wanasimama nyuma yao na kuwa waamuzi.

Kamba inaanza kwa Jua. Jua analazimika kusema anampa nani kitu, na ni kitu gani. Anasema: «Mimi nampa mwani nuru.» Basi anashika ncha ya kamba na kumtupia Mwani donge. Mwani, ule ukijani mdogo unaoelea katika maji, unasema: «Mimi ninaliwa na kidudu cha maji.» Kidudu anampa Sambaza, Sambaza anampa Mvuvi, tena anampa Mdiria, tena anampa Fisi-maji. Mvuvi anampa Mama wa soko. Asiyeweza kutaja sababu hapitishi kamba. Baada ya dakika kumi, katikati ya duara kumetandwa wavu mkubwa kama wa buibui.

Hapo ndipo mwalimu anapofundisha yale anayoyajua juu ya ziwa lenyewe. Ziwa Kivu ni refu sana kwenda chini, karibu mita 480, lakini samaki wanaishi katika sehemu ya juu tu, kama mita 60 hivi, kwa sababu huko chini maji hayana hewa ya kuvuta, nayo yamejaa gesi. Kwa hiyo ziwa linaloonekana kubwa, kwa samaki ni chumba chembamba. Tena sambaza si mzaliwa wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganika karibu na mwaka 1959, kwa kuwa wataalamu waliona ya kuwa katika maji ya katikati ya Kivu hapakuwa na samaki wa kula vile vidudu. Sambaza akazaana, na leo watu wengi wa Bukavu, Goma na vijiji vya kando ya ziwa wanamla. Lakini vidudu vya maji vikapungua sana, na namna moja ya vidudu vikubwa ikatoweka kabisa. Tunaongeza uzi mmoja, na nyuzi zote zinasogea. Wakati mwingine msogeo huo unatupa chakula, wakati mwingine unatuondolea. Daima inafaa kuangalia kwanza.

Kisha mwalimu anasema: «Sasa mwani umekufa, maji yamechafuka.» Mwani anavuta kamba yake mara tatu. Kila anayesikia kamba ikimvuta mkononi naye avute. Kwa dakika moja duara zima linatikisika, na Mama wa soko, aliyesimama mbali kabisa na Mwani, anapiga kelele: «Hata mimi nimevutwa!» Mtoto huyo hatasahau. Hakuambiwa kwamba anautegemea mwani. Mkono wake umemwambia.

KOSA LETU

Hapa inatupasa kuungama kosa letu, maana mwalimu mwingine anaweza kuponea humo.

Siku moja tulipeleka kamba mlimani. Tulikuwa na Mvua, Mti, Udongo, Kijito, Shamba la maharagi, Nyuki na Ndege. Mwishoni tukaongeza Mchoma makala, tukampa panga la karatasi. Tukamwambia akate kamba ya Mti. Wavu ukalegea, watoto wakazomea: «Mwovu! Mwovu!» Sisi tukacheka, tukaona somo limefaulu.

Kesho yake mtoto mmoja hakuja. Kesho kutwa hakuja. Siku ya tatu alikuja mama yake, akiwa amejifunga kitenge cha kazi na vumbi jeusi mikononi. Alisalimu kwa heshima, akakataa kiti.

«Mwalimu,» akasema, «mtoto wangu amekataa kula. Anasema chakula chetu ni cha watu waovu. Jana amemwuliza baba yake mbele ya wageni: Baba, kwa nini unaua mlima? Mimi sikusoma, Mwalimu. Lakini nauliza: kalamu ya mtoto huyu ilitoka wapi? Si ilitoka katika makala? Na wewe, Mwalimu, unapika kwa nini?»

Hatukuwa na jibu. Tulipika kwa makala. Huenda ni makala ya mume wake.

Tulimwomba radhi, akaipokea, akaenda zake bila neno jingine. Usiku ule tulifikiri sana. Tulitaka kufundisha ya kuwa viumbe vyote vimefungamana, nasi tukamtoa mtu mmoja nje ya wavu, tukamfanya adui wa wote. Kumbe yeye ndiye aliyefungwa kwa nyuzi nyingi kuliko wote! Somo letu lilikuwa na uongo ndani yake. Tena tulikuwa tumemwondolea mtoto heshima ya baba yake, nayo ni amri ya nne ya Mungu.

Mtoto aliporudi, tulicheza tena mchezo ule ule. Mara hii Mchoma makala aliwekwa katikati ya duara. Tukawauliza watoto: «Nani kati yenu, kwao wanapika kwa makala?» Mikono ikaenda juu, karibu yote, na wetu pamoja nayo. Kila aliyeinua mkono akapewa uzi unaomfikia Mchoma makala. Kisha tukawaeleza hesabu: katika tanuru za udongo tulizozizoea, kilo moja ya makala hula kilo tano mpaka kumi za kuni. Watoto wakanyamaza. Kijana mmoja akasema: «Mwalimu, kumbe sisi wote tumeshika panga.»

Toka siku ile hatumwiti mtu ye yote mwovu katika michezo yetu. Tunauliza: Uzi huu unatoka wapi? Nani anauvuta? Tufanye nini ili usikatike? Maswali hayo hayamwaibishi mtu, lakini hayamwachi mtu nje.

MCHEZO WA PILI: MAHARAGI

Mchezo huu unafaa sana kando ya maziwa. Watoto wanne wanazunguka sahani moja. Sahani ni ziwa, na ndani yake mna maharagi 16, ndiyo samaki. Kila msimu kila mvuvi avue samaki mmoja kwa uchache, asije akafa njaa, na watatu kwa wingi. Msimu ukiisha, samaki waliobaki wanazaa: kila mmoja anaongezewa mmoja. Lakini ziwa lina mpaka wake. Haliwezi kulisha samaki zaidi ya 16. Mara ya kwanza watoto wanakatazwa kusemezana.

Yanayotokea ni yale yale karibu kila mara. Kila mmoja anachukua watatu, akiogopa kwamba mwenzake atachukua. Wameondoka 12, wamebaki 4, wakazaa, wakawa 8. Msimu wa pili kila mmoja ananyakua wawili: ziwa ni tupu. Kila mvuvi amepata samaki watano, na msimu wa tatu wote wanne wanatazama sahani.

Kisha tunawapa ruhusa ya kuongea. Tunawaacha peke yao. Mwalimu asiwape shauri. Huanza kwa kugombana. Mmoja anasema mwenzake ni mwizi, mwingine anadai fidia. Lakini punde si punde mmoja anaanza kuhesabu kwa vidole: «Tukichukua wawili wawili, wanabaki 8. Wanazaa, wanakuwa 16 tena.» Wanajaribu. Baada ya misimu mitano kila mmoja ana samaki kumi, na ziwa limejaa kama siku ya kwanza. Hapo darasa lote linapiga makofi, maana wamegundua wenyewe ya kuwa aliyejinyima kidogo amekula mara mbili.

Katika kundi moja binti mmoja mkimya alikuwa akichukua mmoja mmoja tangu mwanzo, hata wenzake walipomcheka. Ziwa lilipokauka yeye alikuwa na wachache kuliko wote. Alituuliza: «Mwalimu, mimi nilifanya vizuri, mbona na mimi nina njaa?» Hilo ni swali la mtu mzima. Tukalirudisha kwa darasa. Wakajibu kwamba wema wa mtu mmoja hautoshi kulinda kitu cha wote. Lazima pawe na sheria waliyoipatana wote, na mtu wa kuilinda. Basi wakatunga sheria zao, wakaziandika ubaoni. Sheria ya tatu ilisema: ni marufuku kuvua kwa chandarua.

Sheria ile haikutoka kwetu. Watoto wa wavuvi walijua wenyewe kwamba wako watu wanaovua kwa chandarua cha mbu, na kwamba tundu zake ndogo hazimwachi hata mtoto wa samaki. Samaki aliyevuliwa kabla ya kuzaa amevuliwa pamoja na wajukuu wake.

MCHEZO WA TATU: PAA NA MAHITAJI YAKE

Huu unataka uwanja. Ulienea kwanza katika vitabu vya waalimu wa Marekani miaka ya 1980. Sisi tumeubadili ufae watoto wetu. Katika darasa la watoto 60, 15 ni paa na 45 ni msitu. Wanasimama katika mistari miwili, wamepeana migongo. Kila paa anachagua moyoni kitu anachokihitaji: akitaka chakula anaweka mikono tumboni, akitaka maji anaiweka mdomoni, akitaka mahali pa kujificha anaiweka juu ya kichwa. Watoto wa msitu nao wanachagua vivyo hivyo kitu watakachokuwa. Filimbi inalia, wote wanageuka, na kila paa anakimbilia alama inayofanana na yake. Akiipata, anamrudisha mwenzake katika mstari wa paa, maana amezaa. Asipoipata amekufa, naye anakwenda kuwa sehemu ya msitu, kama mwili unaorudi mavumbini na kuotesha majani.

Mwisho wa kila msimu mtoto mmoja anahesabu paa na kutia alama ubaoni. Baada ya misimu kumi anaunganisha alama kwa mstari wa chaki. Watoto wanaona mstari ukipanda na kushuka kama milima yetu. Paa wakizidi, msitu hautoshi, wanakufa. Wakipungua, msitu unapata nguvu, wanaongezeka. Ndivyo Muumba alivyoviwekea viumbe vyake kipimo.

Halafu tunaingiza wawindaji wawili, wanaonasa paa wakati wa kukimbia. Mstari unashuka, lakini haufiki chini. Tunaingiza wawindaji kumi: mstari unaanguka, na haupandi tena hata msitu ukiwa umejaa chakula na maji. Hapo tunawasimulia habari za viboko wa Hifadhi ya Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925. Miaka ya 1970 viboko huko walikuwa karibu 30,000. Kwa sababu ya vita na uwindaji usio halali, mwaka 2005 walikuwa hawafiki 1,000. Na jambo hilo halikuwa hasara ya viboko peke yao. Usiku kiboko hula majani nchi kavu. Mchana hukaa majini na kuacha humo mavi yake, nayo hulisha mwani na vidudu ambavyo samaki wanakula. Kwa hiyo wavuvi wa Vitshumbi, katika Ziwa Edward, wana sababu ya kumtazama kiboko kama mlishaji wa samaki wao. Kwa ulinzi wa walinzi wa hifadhi, ambao wengi wao wametoa maisha yao, viboko walianza tena kuongezeka kidogo kidogo.

Watoto wanapenda mchezo huu kupita yote, kwa sababu wanakimbia. Lakini tusiusimamishe kwenye mbio. Mbio zisizofuatwa na maswali hazifundishi kitu, isipokuwa jasho.

MCHEZO WA NNE: MABESENI MAWILI

Huu ni wa mwisho, nao ndio uliotuletea wazazi darasani.

Tunachukua mabeseni mawili ya zamani, yaliyotoboka ukingoni. Moja tunalijaza udongo mtupu. La pili tunalijaza udongo wenye majani na mizizi yake, uliokatwa pamoja kutoka kando ya njia. Tunayaegemeza yote mawili kama mlima, na chini ya kila moja tunaweka kikombe cheupe. Mtoto mmoja anachukua kopo lenye matundu madogo na kunyesha mvua, kiasi kile kile hapa na hapa. Kabla ya kunyesha, kila mtoto aandike katika daftari lake anavyofikiri kitatokea. Hili ni la lazima. Mtoto aliyekisia anatazama kwa macho mengine.

Katika beseni la majani, maji yanachelewa, kisha yanatoka machache na karibu safi. Katika beseni tupu yanatoka mara moja, mengi, mekundu kama damu. Tunaviweka vikombe viwili juu ya meza, tunangoja udongo ukae chini, tunapima kwa rula. Hakuna haja ya hotuba.

Tuliwaalika wazazi Jumapili baada ya Misa. Watoto ndio waliofundisha. Sisi tulikaa nyuma. Yule baba mchoma makala alikuja, akasimama mlangoni. Mtoto wake ndiye aliyeshika kopo. Maji mekundu yalipotoka, baba yule alisema kwa sauti ya chini, si kwa mwalimu bali kwa mtoto wake: «Maji hayo nimeyaona katika shamba langu. Sikujua kwamba na ninyi mnayaona.»

Mzee mmoja akainuka, akakumbusha jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Wakati wa Wabelgiji, hasa miaka ya 1950, watu wa Kivu walilazimishwa kulima mitaro ya kukinga maji milimani, na asiyelima aliadhibiwa. Uhuru ulipokuja mwaka 1960 na amri ikaondoka, mitaro mingi iliachwa, mingine ikafukiwa kwa furaha. «Mitaro ilikuwa mizuri,» akasema mzee, «lakini ilikuwa mitaro ya fimbo. Hakuna aliyetuonyesha vikombe viwili.»

Tumeyaweka moyoni maneno ya mzee yule, maana yana hukumu juu ya kazi yetu ya ualimu. Jambo jema likiingizwa kwa fimbo hutoka siku fimbo inapovunjika. Mtoto akiligundua kwa mikono yake, litakaa naye hata mwalimu akiisha kufa.

Je, baba yule ameacha makala? Hatutawadanganya: hajaacha. Watoto wake wanakula kwa kazi hiyo. Lakini ameotesha matete katika mistari ya kukata mteremko wa shamba lake, na mtoto wake anamsaidia kila Jumamosi. Katika kona moja wameotesha miti inayokua upesi, ili siku moja akate ya kwake asiukate mlima. Ni kidogo. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na mtoto yule anakula tena chakula cha nyumbani kwao bila haya.

MASHAURI MACHACHE KWA WAALIMU

Kwanza, chagua mchezo kwa nyumba ya watoto wako. Kando ya ziwa cheza ziwa. Mlimani cheza mlima. Mtoto wa Kivu asianze na dubu wa nchi za baridi.

Pili, eleza sheria kwa maneno machache, jaribu mara moja na watoto sita mbele ya wenzao, ndipo uanze. Darasa la watoto 60 lisiloelewa sheria ni soko.

Tatu, mchezo uwe nusu ya saa na mazungumzo nusu nyingine. Uliza: Umeona nini? Kwa nini imekuwa hivyo? Kwetu jambo hilo liko wapi? Usijibu wewe.

Nne, mtoto mlemavu au mgonjwa asiachwe ukutani. Awe mshika hesabu, awe Jua, awe mvua. Kama katika nyumba ya Mungu kila kiumbe kina kazi yake, itakuwaje katika mchezo wetu mmoja akose kazi?

Tano, usicheze na heshima ya wazazi. Tumekwisha kusema tulivyoangukia hapo.

KWA WAZAZI, NA KWENU WANAFUNZI

Wazazi wapenzi, samaki mkunje angali mbichi. Mtoto akileta nyumbani sahani ya maharagi na kutaka kucheza na ndugu zake, msimfukuze. Kaeni naye. Chukueni watatu watatu, mwone ziwa likikauka. Kisha mwacheni awafundishe kuhesabu.

Nanyi wanafunzi, mvua ijayo ikinyesha, chukueni vikombe viwili. Kingeni maji yanayotoka katika shamba tupu, na maji yanayotoka chini ya miti au katika majani. Viacheni vikae usiku mmoja. Asubuhi pimeni udongo uliokaa chini, mwandike katika daftari siku, mahali na kipimo. Mkifanya hivyo mwaka mzima mtakuwa na kitabu ambacho hakuna duka linalokiuza: kitabu cha mlima wenu wenyewe. Mleteeni mwalimu wenu, mleteeni na chifu wa kijiji.

Mwaka 1979 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtaja Mtakatifu Fransisko wa Asizi kuwa msimamizi wa wote wanaoshughulika na ekolojia. Fransisko aliviita viumbe ndugu na dada. Sisi katika duara letu la kamba za mgomba tumeanza kuelewa sababu: ndugu ni yule ambaye akivutwa, nawe unavutwa.

Basi mtoto akirudi leo na kusema: «Tumecheza,» msikunje uso. Mwulizeni: «Kamba ilikuvuta kutoka wapi?» Kisha sikilizeni vizuri jibu lake, maana huenda ncha nyingine iko mikononi mwenu.